Igeuze Kwanza: Namna ya Kusoma Umbo la Kayaki Kabla ya Kuinunua

Maswali yanayonijia ni yale yale. Kayaki ipi nzuri? Hii haitanipindua? Mimi ni mzito, itanibeba? Ndefu na fupi zina tofauti gani? Na karibu kila anayeuliza hunitumia picha moja: kayaki imelazwa juu ya mchanga, rangi ya chungwa inang'aa, imepigwa kutoka juu. Picha ya namna hiyo haijibu hata swali moja kati ya hayo. Majibu yako upande wa chini, ule uliolalia mchanga.

Kwa hiyo nauandika mwongozo huu kwa anayeanza kabisa: wewe unayekaa karibu na hori (mkono wa bahari ulioingia nchi kavu), ufuko au ziwa, umeona kayaki inauzwa, mara nyingi ikiwa imeshatumika, na hujui uangalie nini. Ukimaliza kusoma utaweza kuigeuza, kuipima, kuikagua, kisha kuijaribu majini bila kujiweka hatarini.

Kayaki ni nini hasa

Ukiujua mtumbwi umeshafika nusu ya njia. Kwenye mtumbwi unakaa juu ya ubao au unasimama, unapiga kafi lenye bapa moja au unasukuma kwa pondo. Kwenye kayaki unakaa chini kabisa, miguu umeinyoosha mbele, na kafi lako lina mabapa mawili, moja kila ncha. Tofauti kubwa ya pili ni sitaha: kayaki ya asili imefunikwa juu, imebaki tundu la kukalia tu.

Waliokibuni chombo hiki ni watu wa kaskazini ya mbali, Wainuit wa Greenland na Kanada na jirani zao Waunanga wa visiwa vya Aleutian. Walikitumia kuwinda sili kwenye maji ambayo mtu akitumbukia hana muda mrefu wa kuishi. Kiunzi kilikuwa cha magogo yaliyoletwa na mawimbi, au mifupa, kikavikwa ngozi ya sili. Kila mtu alijitengenezea cha kwake kwa vipimo vya mwili wake. Kipimo kinachotajwa sana ni hiki: urefu ni mara tatu ya pima yake, yaani mikono aliyoinyoosha; upana ni nyonga zake na kuongeza ngumi mbili; kina ni ngumi moja na kidole gumba kilichosimama. Kwa mtu wa kimo cha kawaida unapata chombo cha mita 5 hivi kwa nusu mita. Ni chembamba kuliko kayaki nyingi unazoziona kwenye fuko zetu, na tutaona sababu.

Zinazouzwa leo nyingi ni za plastiki iliyoyeyushwa ndani ya kalibu inayozungushwa kwenye joto. Ndiyo njia inayotumika kutengeneza matangi ya maji ya plastiki yaliyo juu ya mapaa yetu, na plastiki yenyewe ni ya jamii hiyo hiyo. Likumbuke hilo tangi, tutalirudia kwenye ukaguzi.

Uwe na hivi kabla ya kwenda kuitazama

- Futi kamba ya mita 5 au zaidi.
- Uzi wa fundi ujenzi, mrefu kuliko kayaki yenyewe.
- Ndoo ya lita 20, kitambaa kikavu na sponji.
- Tochi. Ya simu inatosha.
- Uzito wako wa leo, umepimwa kwa mizani. Usiukadirie.
- Jaketi okozi linalokukaa vizuri, na filimbi imefungwa juu yake.
- Viatu vya kufunga vya kuingilia majini. Chaza walioota mwambani hukata nyayo kama wembe.
- Ratiba ya maji ya siku hiyo, ikiwa ni baharini.
- Mtu wa pili anayejua kuogelea.

Kuhusu jaketi sina mjadala. Ukiwa bado hulinunui kwa kuwa fedha yote imekwenda kwenye kayaki, basi kayaki hiyo ni ya ghali kwako, tafuta ya bei ya chini.

Hatua ya 1: Taja maji yako

Kabla ya kuuliza kayaki ipi nzuri, jibu utaipeleka wapi kwa siku tisa kati ya kumi. Maji ndiyo yanayochagua umbo.

Hori lililotulia, kama la Kilifi, Mtwapa au Mida, au bahari ya ndani ya mwamba maji yakiwa yamelala: kayaki ya kukalia juu, pana kiasi, mita 3 hadi 4, inakutosha kabisa. Safari ndefu za kufuata pwani, nje ya mwamba au kutoka kisiwa hadi kisiwa: hapo panahitajika kayaki ya bahari, mita 4.8 hadi 5.5, upana wa sentimita 50 hadi 60, yenye kuta za ndani. Na inahitaji mafunzo. Ziwa kubwa lihesabu kama bahari. Tanganyika na Victoria hupandisha mawimbi upepo ukiamka, na Victoria kuna pahala pa viboko na mamba. Ulizia wenyeji wa ufuko ule ule, si wa ufuko wa jirani.

Mto wa kasi, kama Naili karibu na Jinja, ni jambo jingine kabisa. Kule kayaki ni fupi, mita 2 na kitu, imevimba kama kibuyu na ncha zimeinuka, ili igeuke papo hapo na ikizama iibuke. Ukiiona ikiuzwa rahisi ufukoni usiinunue kwa matembezi ya hori. Kila pigo la kafi litaigeuza omo, yaani ncha ya mbele, upande, na utatoka jasho bila kwenda popote.

Hatua ya 2: Chagua kukaa juu au kukaa ndani

Ya kukalia juu ni kama ubao mnene wenye mashimo ya makalio na nyayo. Imezibwa pande zote, ndani mna hewa, na ina matundu yanayopita kutoka juu hadi chini ili maji yaliyoruka juu yatoke yenyewe. Ukipinduka unaigeuza na kupanda tena. Ubaya wake ni kwamba unakaa juu zaidi, utalowa kila safari, na ni nzito: nyingi zina kilo 20 hadi 35.

Ya kukalia ndani inakuweka chini, inakukinga jua miguuni, inakwenda vizuri zaidi. Ikipinduka inajaa maji, na kuirudia katikati ya kina kirefu ni ujuzi wa kufundishwa.

Kwa anayeanza kwenye maji yetu ya vuguvugu nasema bila kusita: anza na ya kukalia juu. Watu wa kaskazini walijifunika kwa sababu ya baridi. Sisi adui yetu ni jua na mkondo, na dawa ya mkondo ni chombo unachoweza kukirudia haraka.

Hatua ya 3: Igeuze, usome tumbo

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Mwombe muuzaji mkaipindue tumbo juu, kwenye mchanga safi. Nenda upande wa tezi, yaani nyuma, chuchumaa mpaka macho yawe usawa wa chombo, utazame kuelekea omo. Utaona umbo moja kati ya haya manne, au mchanganyiko.

*Bapa*, kama sinia lililofunikwa. Ukiikalia kwenye maji matulivu haitikisiki, utahisi kama umekaa kwenye mkeka. Ndiyo inayowapendeza wanunuzi wengi dakika ya kwanza.

*Mviringo*, kama kifuu. Inayumbayumba ukikaa, lakini inateleza majini kwa urahisi.

*Pembe*, kama paa la makuti. Inashika njia vizuri, haipotezi mwelekeo, nayo huyumba kidogo ukiwa umetulia.

*Migongo miwili* yenye mfereji katikati. Imara sana na ya polepole. Nzuri kwa mvuvi anayetaka kugeuka, kuinua ndoana na kumtoa samaki.

Sasa sikiliza jambo ambalo linawachanganya wengi. Kuna utulivu wa aina mbili. Wa kwanza ni ule unaouhisi ukikaa tu. Wa pili ni ule unaokushika chombo kikishalala upande. Tumbo bapa linashikamana na uso wa maji: uso ukilala nalo linalala, uso ukiinama nalo linainama na wewe ukiwa juu yake. Likifika kiwango chake halina onyo, linamwaga. Tumbo la mviringo au la pembe linaanza kuyumba mapema, lakini wimbi la ubavuni likija linapita chini na chombo kinabaki wima, na kikilala zaidi mbavu zinakukamata. Ndiyo maana kayaki za bahari ni nyembamba na bado watu wanavuka nazo mawimbi.

Ngalawa ilitatua shida hii kwa njia nyingine. Tumbo lake ni jembamba mno kusimama peke yake, likaongezewa matengo, yale mabao ya kuelea pembeni, kulia na kushoto. Kayaki pana yenye tumbo bapa ni kama imemeza matengo yake: utulivu unaletwa na upana, na gharama yake utailipa kwa mabega, kwa kuwa unayasukuma maji mengi zaidi.

Kwa hiyo: hori tulivu na uvuvi, chukua bapa au migongo miwili. Maji yenye mawimbi ya ubavuni, chukua pembe ya wastani au mviringo uliobanwa. Usichague kwa kuyumba kwa dakika ya kwanza.

Hatua ya 4: Pima urefu na upana

Tandaza futi kamba kutoka ncha hadi ncha, kisha pima sehemu pana kuliko zote. Andika. Usitegemee maneno ya muuzaji, maana "ya mita nne" nimeikuta ina 3.4.

Chombo kinachosukuma maji hutengeneza wimbi lake chenyewe, na kasi yake ya juu hufungwa na urefu wa wimbi hilo. Hesabu ya haraka: chukua urefu wa sehemu inayogusa maji kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 4.5, unapata kilomita kwa saa. Mita 3 inakupa karibu 7.8. Mita 5 inakupa 10. Mwanzo hutafika huko. Wengi huenda kilomita 4 au 5 kwa saa. Lakini kadiri ukomo wa chombo ulivyo mbali na kasi yako ndivyo unavyotoa jasho dogo, na baada ya saa mbili mabega yanaijua tofauti.

Upana: chini ya sentimita 60 ni kwa aliyejifunza. Sentimita 70 hadi 80 ni pa kuanzia. Ukizidi 85, mtu mfupi atagonga ubavu wa kayaki kwa ngumi kila akipiga kafi. Jaribu ukiwa umekaa: shusha kafi kila upande na uone kama mkono unafikia maji bila kuinama.

Hatua ya 5: Tazama mkuku kwa ubavuni

Bado imepinduka. Piga magoti ubavuni na uufuatilie mkuku, yaani mstari wa katikati ya tumbo, kutoka omo hadi tezi. Ukiwa umenyooka, kayaki itakwenda moja kwa moja na itakuwa nzito kugeuza. Ukiwa umejipinda kama ganda la ndizi, ncha mbili zimeacha uso wa maji, itageuka kirahisi na itapotea njia kirahisi vilevile. Anayeanza anahitaji mpindo mdogo.

Kisha vuta ule uzi wa fundi kutoka katikati ya omo hadi katikati ya tezi, ukaze. Mkuku usiende kushoto wala kulia ya uzi. Kayaki iliyowekwa juani miezi mingi juu ya mawe mawili huwa imepinda, na hiyo haitakwenda sawa maisha yake yote. Iache.

Ukiona pezi dogo la kushuka chini ya tezi, au usukani unaoendeshwa kwa miguu, vijaribu. Kamba zake zisiwe zimeoza, na pezi lisiwe limekwama kwa mchanga. Kazi yake kubwa utaiona pale kwenye matatizo, upepo ukikukamata.

Hatua ya 6: Hesabu uzito, wako na wake

Kila kayaki ina uwezo wake, mara nyingi umeandikwa kwenye kibandiko karibu na kiti. Kile ni kiwango cha mwisho kabla ya kuzidiwa. Mimi hutumia theluthi mbili yake. Imeandikwa kilo 120? Ihesabu kama ya kilo 80: mwili, maji ya kunywa, nanga, chakula, kila kitu. Ukizidisha, matundu ya kutolea maji yanageuka kuwa ya kuingizia, unakaa kwenye dimbwi, na chombo kinakuwa kizito kama gogo.

Kinyume chake nacho kipo. Mtu wa kilo 50 kwenye kayaki kubwa ya watu wawili atakaa juu ya maji kama jani, na upepo utampeleka unakotaka.

Sasa inua. Kilo 30 si kitu mbele ya muuzaji. Zibebe mita 300 za mchanga na majani ya bahari, maji yamekupwa, jua la saa saba mchana. Ufuko wako ukiwa ni wa maji kukimbia mbali, hesabu pia kigari cha magurudumu mawili au mwenzako wa kudumu.

Hatua ya 7: Ikague kama tangi la maji

Plastiki hii ikichomwa na jua miaka mingi hupauka, hukauka na huwa kama ganda la yai. Paka kidole: kikitoka na unga wa rangi, jua limeshaila. Kandamiza tumbo kwa kiganja pahala kadhaa. Lirudi, lisilie kama kopo.

Angalia kingo za matundu ya kutolea maji kwa tochi, moja moja. Kwenye kayaki za kukalia juu nyufa hupendelea kuanzia hapo, hasa kama ilikuwa ikibebwa kwa kigari kinachochomekwa kwenye matundu. Angalia chini ya kiti, na tezi, pale inapoburutwa. Michirizi ya mwamba ni kawaida. Mfereji unaoingia kucha ni onyo.

Halafu fungua kizibo, kile ambacho mabaharia wa zamani wangekiita nguruzi, mimina lita 10 ndani, funga. Kausha nje kwa kitambaa, iinue upande mmoja kisha mwingine, subiri dakika tano kila upande. Tone lolote linaloonekana nje ndiyo njia ambayo bahari itaingilia. Usijaze zaidi ya hapo. Maji ni kilo moja kwa lita, unaweza kuipasua ukiwa unaikagua.

Kwa ya kukalia ndani, kagua kuta za ndani. Ni zile zinazotenga chumba cha omo na cha tezi na sehemu ya kukalia. Mimina maji upande mmoja, uone kama yanapita upande wa pili.

Hili nililijifunza vibaya. Kayaki yangu ya kwanza ilikuwa ndefu, nyembamba, nzuri kwa macho, na muuzaji alinihakikishia kasi. Sikukosa kasi. Nilipinduka horini, kama mita 40 kutoka ufukoni, na ukuta wa nyuma ulikuwa umebanduka gundi zamani. Maji yakaenda moja kwa moja hadi tezi, omo ikasimama juu, na chombo kilichokuwa kikielea kikawa zaidi ya lita 200 za bahari. Wavuvi wawili wa ngalawa walikuja kunivuta. Mzee mmoja wao, akiyachota maji kwa upo, aliniuliza kama niliangalia ndani kabla ya kulipa. Sikuwa nimeangalia.

Faibaglasi ikipasuka fundi wa boti anaiziba kwa rezini na kitambaa chake, vizuri kabisa. Plastiki haishiki gundi za kawaida. Huchomelewa kwa joto na plastiki ya aina yake, na si kila fundi anaweza. Ukiona kayaki ya plastiki imepakwa gundi nyeusi nene, ujue kilichofichwa chini yake hakijapona.

Hatua ya 8: Ikalie nchi kavu

Kaa robo saa nzima, kwenye mchanga, ukiwa umevaa jaketi. Nyayo ziegemee vikanyagio, magoti yakunjike kidogo, mgongo wa chini uguse kiegemeo. Nyonga zisielee, zisibanwe. Kayaki huongozwa kwa kiuno na miguu kuliko mikono, na ukielea ndani yake kama punje kwenye debe huwezi kuilaza wala kuinyoosha. Ikiwa ni ya kukalia ndani, toka mara tano bila kutumia mikono sana. Mguu ukikwama nchi kavu, chini ya maji utakwama zaidi.

Kafi nalo lipime sasa. Kwa kayaki pana za kukalia juu, sentimita 230 hadi 240. Kwa nyembamba, 210 hadi 220. Lishike mikono ikiwa upana wa mabega na zaidi kidogo. Upande wa bapa uliojikunja kwa ndani ndio unaovuta maji. Wanaoligeuza ni wengi, na wanalalamika kuwa kayaki ni nzito.

Hatua ya 9: Ijaribu majini, na uipindue kwa makusudi

1. Chagua asubuhi, siku za maji mafu (kupwa na kujaa kunapokuwa kudogo), maji yakiwa yanajaa. Wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, tofauti ya kupwa na kujaa hukaribia mita 4 Unguja na hupita mita 3 Kilifi na Mombasa, na maji hayo yote hupita midomo ya hori kwa kama saa sita. Mkondo wake humshinda mpiga kafi mgeni.
2. Ingia kwenye maji ya kiunoni. Mwenzako asimame karibu.
3. Kaa, tulia, kisha itikise kwa kiuno kulia na kushoto, polepole, ukizidisha. Ndipo utakapoujua ule utulivu wa pili.
4. Piga kafi mara kumi kuelekea kitu ulichokiona mbele, mnazi au boya. Acha. Kayaki iendelee kuteleza bila kugeuka sana.
5. Sasa ipindue. Mwenyewe, kwa kutaka. Shika kafi, usiache chombo.
6. Igeuze: fika chini yake, shika ukingo wa mbali, vuta kwako kwa uzito wa mwili.
7. Panda kwa mpangilio huu: tumbo, makalio, miguu. Piga miguu kama unaogelea, jirushe tumbo lako liwe juu ya kiti, jigeuze ukae, ndipo uingize miguu. Wengi hujaribu kupandisha goti kwanza, na chombo huwarudia usoni.
8. Rudia mara tatu. Kisha rudia pahala ambapo miguu haifiki chini, mwenzako akiwa kando.

Makosa ninayoyaona mara nyingi

Kununua ya watu wawili kwa ajili ya mtu mmoja, "ili siku moja mgeni akija". Siku zote nyingine utaiburuta peke yako.

Kutoka na upepo wa bara. Umande, yaani upepo wa alfajiri wa kutoka bara, au upepo mwingine wowote unaotoka nchi kavu, huyafanya maji ya ufukoni yaonekane kama kioo. Ukishafika mbali unakuta mawimbi na unasukumwa nje. Daima anza safari kwa kwenda kinyume cha upepo, ili kurudi ndiyo iwe rahisi. Miezi ya kusi kali, ule upepo wa kusini, ufuko ulio wazi mwachie mzoefu, wewe baki horini.

Kufunga kamba ya kafi mkononi. Ifunge kwenye kayaki.

Kuihifadhi juani tumbo chini juu ya mawe. Ilaze kwa ubavu kwenye kivuli, au pindua juu ya mbao mbili zilizofunikwa matambara, karibu na zile sehemu ngumu zenye kuta.

Kuliacha jaketi nyuma ya kiti. Majini huwezi kulivaa kwa utulivu uliokuwa nao ufukoni.

Matatizo na tiba yake

*Inageukia upepo kila mara.* Kayaki nyingi hufanya hivyo, kwa sababu omo inashikwa na maji inayoyasukuma huku tezi ikiwa huru kupeperushwa. Shusha pezi taratibu hadi inyooke. Huna pezi? Sogeza mzigo nyuma kidogo, au piga kafi kwa mkunjo mpana upande wa upepo.

*Inageuka hata bila upepo.* Unavuta mkono mmoja kwa nguvu zaidi, au unapiga mbali na ubavu. Chomeka bapa karibu na nyayo, vuta sambamba na chombo, toa likifika nyonga. Ikiendelea, rudi kwenye uzi wa fundi.

*Imelala upande mmoja.* Angalia mzigo kwanza, kisha umekaaje. Ikilala hata ukiwa hupo, kuna maji ndani.

*Kila safari natoa maji ndani ya chombo kilichozibwa.* Kikombe kimoja ni kawaida. Joto na baridi huvuta unyevu kupitia vizibo. Lita mbili tatu si kawaida. Badilisha mpira wa kizibo, kisha rudia jaribio la lita 10.

*Maji yanapanda kupitia matundu nikikaa.* Ikiwa uzito wako uko ndani ya theluthi mbili, ziba mawili ya chini ya kiti kwa vizibo vyake na uache mengine. Ikiwa umezidi, kayaki ni ndogo kwako.

*Miguu inakufa ganzi.* Vikanyagio viko karibu mno, au ukingo wa kiti unabana mapaja. Visogeze mbele, weka sponji nyembamba chini ya mapaja.

*Viganja vinatoka malengelenge.* Unalikaba kafi. Mkono unaosukuma ufungue vidole.

*Tumbo limebonyea.* Iweke juani saa kadhaa ikiwa tupu, sehemu iliyobonyea ikitazama juu, kisha isukume kutoka ndani kwa kiganja ukifikia. Maji ya moto juu ya sehemu hiyo huharakisha. Usitumie moto wa wazi.

*Nimejaribu mara nyingi, siwezi kupanda tena.* Jaribu kuingilia karibu na tezi, ambapo ukingo uko chini zaidi, usote hadi kiti. Au funga mkanda mpana wenye kitanzi ubavuni, uning'inie nusu mita ndani ya maji, uutumie kama ngazi. Ukishapanda ukunje mara moja usije ukanasa mguu. Jaketi usililegeze, libane zaidi, maana lililolegea hupanda kidevuni na kukuzuia kifua kisivuke. Na mpaka siku utakayoweza kupanda mara tatu mfululizo, ukiwa umechoka, usiende mbali kuliko pale ambapo nyayo zako zinagusa mchanga.